K ya Mpera

Rasoa alinipigia simu nikiwa nimetia miguu kwenye karai la maji ya chumvi, maana siku hizi nikienda sokoni na kurudi vifundo vinafura kama maandazi. Aliniambia baba yake ametutoka. Hakulia, na mimi sikulia. Mzee Elam Lukhale alikuwa amekula chumvi nyingi, na mwaka wake wa mwisho ulikuwa wa kugeuzwa kitandani kama mtoto mchanga. Rasoa akasema, "Dada Edita, kuna kitu kimoja. Alisema programu ya mazishi yake, ile sehemu ya jina, upange wewe." Nikamwuliza alisema lini. "Alisemanga tangu kitambo. Na mwezi uliopita akarudia, akiwa bado anatambua watu. Alisema asipange mtu mwingine." Nikamwambia sawa, nitashughulikia. Nilipokata simu nilikaa hapo hapo mpaka maji yakapoa. Kuna jambo nilimfanyia Mzee Lukhale katika ule mwaka mmoja tuliofanya kazi pamoja, nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, na hadi siku ya simu ile sikujua kama alinisamehe. Tulikuwa tukikutana harusini na matangani, tunasalimiana vizuri, "Mulembe, Mzee," "Mulembe, Edita," anauliza hali ya watoto, tunaachana. Miaka thelathini na zaidi ya mulembe.

Kesho yake nilienda kwa saiba moja hapa mjini Kakamega, nyuma ya soko, wanakochapisha programu za mazishi, zile karatasi za ratiba zenye jina na picha ya marehemu. Msichana wa pale anaitwa Sheila, ana kucha ndefu kuliko vidole, na kazi anaijua. Kabla sijakaa vizuri alikuwa ameshaweka picha ya Mzee ndani ya duara, maua ya zambarau pembeni, njiwa wawili juu. Jina alikuwa ameliandika kwa herufi zile nyembamba za siku hizi, zile zinazosimama kama vijiti vya kibiriti. Nikamwambia, "Mwanangu, hizi ziko miguu tupu." Akanitazama. "Ziko aje, mathe?" Nikamwonyesha kwa kidole kwenye kioo: herufi ikiishia chini bila kitu, bila kile kikanyagio kidogo cha kushoto na kulia, hiyo iko miguu tupu. Mzee alitaka zenye viatu. Tena nene. Akacheka, lakini kwa heshima, akashuka na orodha ndefu ya herufi ndani ya kompyuta, mpaka akafika kwa moja nene, yenye mashina mazito na mikono myembamba, iliyokanyaga chini sawasawa. "Hii ni ya mawakili hii," akasema. Nilikuwa sijaiona sura ile kwa miaka mingi. Ilikuwa ndugu wa Mabuti. Si yenyewe hasa, lakini ndugu kabisa, baba mmoja mama mmoja.

Mabuti ndilo jina tulilowapa herufi zetu nene, kwenye kiwanda cha kuchapa nilikofanya kazi na Mzee. Ya nyumbani kwetu Lumakanda nitayaruka, kila mtu ana ya kwao. Nianzie tu kwenye chumba. Kilikuwa chumba kirefu, sakafu ya saruji iliyoota madoa meusi, dirisha moja refu upande wa mawio, na chini ya dirisha hilo kabati la droo nyembamba zenye vijumba vidogo vidogo, kila kijumba na herufi yake ya madini ya risasi. Katikati mtambo wa chuma wa kukanyaga kwa mguu. Harufu ya mafuta ya taa na wino ilikuwa inaingia mpaka kwenye chai. Bosi, mwenye kiwanda, alikaa upande wa pili wa ukuta wa mbao, na mbao zile zilikuwa zimeachana kiasi kwamba akipiga chafya sisi tunajifuta. Tulikuwa na droo kumi na mbili za herufi ndogo za barua na risiti, droo moja ya herufi kubwa miguu tupu za mabango ya mnada, zile za NG'OMBE WANAUZWA, na droo moja tu ya chini kabisa, yenye kufuli. Hiyo ndiyo ilikuwa na Mabuti. Ufunguo Mzee aliufunga kwa uzi kwenye mshipi wake, na herufi zile hazikutoka humo isipokuwa kwa kazi moja, kuandika jina la marehemu.

Nilianza mwezi wa Januari kwa majaribio ya mwaka mmoja. Nikifaa, Bosi ataniandikia barua ya kazi ya kudumu. Kwa miezi miwili Mzee hakuniruhusu hata kuigusa ile droo. Alinikatia mwanzi, akauchonga bapa kama patasi, akanipa na masizi yaliyokorogwa, akasema andika. Niandike nini? "Andika O." Nikaandika O mpaka nikaziota. Alikuwa anataka nione kwa mkono wangu mwenyewe kwamba kalamu bapa ikishuka inaacha unene, ikikata kona inaacha wembamba, na kwamba unene wa O haukai pembeni sawasawa, unainama kidogo, kama mtu aliyebeba mtungi begani. "Hizi herufi hakuna mtu alikaa akazitunga tu," alisema. "Ni mkono wa mtu wa zamani sana. Sisi tunamfuata nyuma." Kisha akaniambia nisitazame weusi, nitazame weupe ulio ndani ya herufi, kwa sababu jicho la msomaji linapumulia humo. Nilimwona mzee wa ajabu kidogo. Sasa mimi mwenyewe nasimama mbele ya mabango ya kanisa nikisonya kwa sababu A na W zimeachana kama majirani waliogombania mpaka, na wajukuu wangu wananivuta mkono, "Kukhu, twende."

Chakula tulikula hapo hapo, saa saba, juu ya karatasi za ufungaji. Mzee hakukubali mtu aguse obusuma, ugali wetu, kabla ya kunawa mara mbili, mara ya kwanza kwa majivu, mara ya pili kwa sabuni, kwa sababu ya sumu ya risasi. Mkewe alikuwa anamfungia mrenda kwenye kopo, na Ijumaa omena. Tulikula kimya, tukisikiliza ukuta. Watu waliofiwa walikuwa wanakuja kwa Bosi na karatasi zao, wanaanza kuandikisha programu, na kila mara ugomvi ulianzia pale pale kwenye orodha ya wajane na watoto. "Aanze mama mkubwa." "Mama mkubwa alienda kwao miaka ishirini, mbona aanze?" "Huyo mtoto wa nje anaingia kama nani?" Mzee alitafuna polepole, akitikisa kichwa. Siku moja, ilikuwa mvua za Aprili, hawakuwa wafiwa. Alikuwa Bosi na rafiki yake, na Bosi hakujua, au hakujali, kwamba tuko karibu. Mzee alikuwa ametoka kumwaga maji. Niliyesikia ni mimi peke yangu. Bosi alisema, "Siku huyu msichana atatoa kazi ya Mabuti peke yake, huyo mzee nitampumzisha. Anachelewesha watu na hizo sheria zake." Mzee akarudi, akaketi, akaniuliza mbona sili. Nikamwambia nimeshiba. Haki ya Mungu sikumwambia.

Sheria aliyoitaja Bosi ilikuwa hii. Herufi za risasi zikishamaliza kazi huwa zinafunguliwa, kila moja inarudi kijumbani kwake, na kitendo hicho tulikiita kuvunja. Risiti ukishapiga unavunja, barua unavunja, tangazo la mnada unavunja wino ukiwa haujakauka. Lakini jina la marehemu Mzee alilifunga ndani ya fremu yake, akaliegemeza ukutani chini ya dirisha, na halikuvunjwa mpaka siku tatu zipite baada ya mazishi, siku ya wafiwa kunyoa nywele. "Mtu bado wanamlilia, wewe unamvunja?" alisema. Mimi niliona ni ushirikina wa wazee. Shida ikawa herufi zenyewe. Seti ya Mabuti ilitoka ng'ambo, na aliyeihesabu alihesabu majina ya kwao. E zilikuwa tele, T tele, S za kumwaga. A tano tu. W moja. K mbili. Sasa wewe chukua K mbili uje nazo kwetu, kwa akina Makokha na Khakasa na Wakhungu, uone kama utafika mwisho wa wiki. Jina moja likisimama ukutani, la pili linangoja, na Bosi nyuma ya mbao anapiga meza.

Ndipo Mzee akaniambia tutachonga K yetu wenyewe. Alikuwa na kipande cha mpera alichokiweka juu ya dari miaka mingi kikikauka. Mpera ni mgumu na hauna nyuzi za kukatikakatika, ukiukata upande wa kichwa unakaa laini kama sabuni. Alikata vipande vya urefu sawasawa na risasi, akanipa kisu kidogo, tupa na kioo cha kutazamia, kwa sababu herufi ya kuchapa inachongwa kinyume. Ukitaka kujua K ni nini, ichonge. Shina ni jepesi, mtu yeyote ataweza. Mkono wa juu unataka uwe mwembamba bila kuvunjika. Ila mguu! Mguu unaanzia katikati ya mkono, unashuka ukinenepa, kisha unakanyaga, na ukikosea pembe hata kidogo, herufi nzima inaanguka kifudifudi. Ya kwanza Mzee aliipaka wino, akaibonyeza kwenye karatasi, akaitazama kwa muda. "Hii K imechoka," akasema, akaitupa kwenye jiko la chai. Ya pili, "Hii inakimbia deni." Ya tano, "Hii ni mlevi." Nililia ya tisa ilipoingia motoni, nililia kabisa, na yeye akaendelea kupuliza chai. Tulikuwa tumefika Agosti, mahindi yanachomwa kila kona ya mji, nilipompa ya kumi na nne. Akaibonyeza. Akaigeuza karatasi dirishani. Mguu wake ulikuwa mfupi kwa unene wa ukucha. "Inachechemea," akasema, "lakini inatembea." Akafungua droo, akaiweka kijumbani pamoja na zile mbili za risasi. Siku ile nilitembea mpaka nilipokuwa nimepanga chumba nikitazama kila kibao cha duka, nikitafuta K na kuzidharau.

Mtu wa kwanza kuvaa K yangu aliitwa Zakaria Makokha. Alikuwa mkata miwa wa upande wa mashamba ya sukari, alianguka shambani asubuhi na panga mkononi na hakuinuka. Mjane wake, Mama Tafroza, alikuja akiwa amevaa koti la mume wake. Bosi alimwonyesha herufi za kawaida, lakini Mama Tafroza alikuwa ameona programu ya jirani, akataka zile zile. "Zile nzito," alisema. "Zilizosimama." Mzee akatoka nyuma akamketisha. Mama yule hakujua kusoma, na marehemu pia hakujua, ila jina lake marehemu alilijua. "Wakitundika majina ya wakataji kwa ubao, yeye anajitafutanga mwenyewe," alituambia. "Alikuwa anasema jina langu liko na watu watatu wanapiga teke." Mzee akanitazama. ZAKARIA MAKOKHA, K tatu. Bila ile ya mpera lisingetimia. Nilipanga mimi, kwa mkono wangu, A zote tano na K zote tatu. Mzee akasogeza M kidogo kwa ncha ya tupa, akafunga fremu. Mama Tafroza aliipokea karatasi ya kwanza, akapitisha kidole kwenye jina mpaka akazikuta K, moja, mbili, tatu. Akasema, "Ni yeye." Halafu akasema kitu ambacho bado nakisikia nikifunga viatu vyangu: "Huyu mtu viatu alivaa siku ya harusi, na hata hivyo vilikuwa vya kuazima."

Hiyo ilikuwa Jumatano, na mazishi yalikuwa Jumamosi. Jioni Mzee aliegemeza fremu ya Makokha ukutani, akaniachia ufunguo kwa mara ya kwanza, kwa sababu angebaki nyumbani kwake Bukura siku nne, mkewe alikuwa mgonjwa. Alhamisi asubuhi gari kubwa likasimama nje. Mkubwa mmoja wa serikali alikuwa amefariki, anazikwa Jumamosi hiyo hiyo, na familia yake ilitaka programu elfu moja na Mabuti juu. Jina lake lilikuwa na A nne. Mimi nilikuwa na droo isiyo na A hata moja. Bosi alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Hakunifokea. Alisema kwa upole, "Edita, vunja hilo jina la ukutani. Huyo mama ameshachukua programu zake, ameenda. Utoe hii kazi peke yako, mwisho wa mwaka barua yako iko tayari." Nilijua maana yake kwa Mzee. Nilikuwa nimeisikia Aprili kupitia mbao, nikiwa na tonge mkononi. Ningeweza kusema ufunguo anao Mzee. Ningeweza kusema tumngoje. Nikafungua fremu.

Na kuna kingine, ambacho ni kibaya zaidi, kwa hiyo nikiseme tu. Jina la Mkubwa lilikuwa na K moja. K za risasi zilikuwa mbili, nzima, zimelala pale. Mimi niliweka ya mpera. Nilitaka K yangu ikae mbele ya mawaziri. Nilitaka iingie kwenye mifuko ya suti, ifike Nairobi. Barua ya kazi nilihitaji, hilo naweza kumweleza mtu akanielewa, lakini ile K sikuihitaji. Nilikanyaga mtambo siku nzima, paja likawaka moto, na kila karatasi iliyotoka niliitazama mguu wake mfupi nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Mvua ilinyesha Alhamisi hiyo mchana, ile mvua yetu ya kumwagwa kwa ndoo. Ijumaa asubuhi Mama Tafroza alikuwa mlangoni, koti limelowa mpaka ndani, kichwani bunda la programu lililogeuka uji. Mvua ilikuwa imemkuta njiani akizipeleka kwa ndugu wa marehemu, na hakukuwa na pa kujificha ila miwa. Hakuwa na wasiwasi wowote. "Msichana wangu, nipigie zingine tu," akasema, "yule mzee aliniambia kukitokea kitu nirudi, atakuwa bado amesimama." Amesimama. Nilitazama ukutani kana kwamba jina litakuwa limerudi lenyewe. Hapo ndipo nilielewa sheria ya Mzee, nimesimama na wino mpaka viwikoni, kwamba haikuwa ushirikina wowote. Alikuwa amezika watu wa kutosha kujua kwamba mvua hunyesha, wageni huzidi, watu hurudi. Nikaenda kwa Bosi kumwomba tusimamishe kazi ya Mkubwa, iliyokuwa bado haijaisha, kwa saa moja. Hakuinua macho. "Weka herufi nyingine. Huyo mama anajua kusoma?"

Herufi nyingine kubwa zilikuwa za mnada peke yake. Nikapanga ZAKARIA MAKOKHA kwa hizo, nikachapa, nikamfungia kwa nailoni mbili ili safari hii zisilowe. Mama Tafroza alifungua akatoa moja. Akapitisha kidole. K zilikuwa tatu, sikumwibia hata moja. Akarudia tena kuanzia mwanzo. Kisha akanitazama, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia. "Msichana wangu. Hizi si ndizo za ng'ombe?" Hakujua kusoma, lakini alikuwa amepita kwenye ule ukuta wa soko maisha yake yote. Nikasema, "Zile nyingine zimetumika, mama." Akasema, "Aa." Akafunga nailoni, akaweka bunda kichwani. "Sawa tu. Atazikwa."

Mzee alirudi Jumatatu. Aliona ukuta kabla hajavua kofia. Akaniuliza, "Ulivunja lini?" Nikasema Alhamisi. "Alizikwa lini?" Jumamosi. Nikamweleza yote, ya mvua, ya mnada, isipokuwa ya K na ya Aprili. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Nikamwambia tuvunje jina la Mkubwa sasa hivi tupange la Makokha, kesho ni siku ya kunyoa, nitapeleka mwenyewe. Akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Huyu naye si amekufa?" akasema. "Naye ana watu." Tukangoja mpaka Jumanne jioni. Mzee mwenyewe ndiye aliyelivunja jina la Mkubwa, na alipoikuta K ya mpera humo aliishika kidogo kwenye mwanga, akazitazama zile za risasi zilizolala bila kazi, akaelewa. Jumatano nilifika kwa Mama Tafroza na bunda jipya, Mabuti, K tatu, wino mweusi tii. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, anafagia majani ya migomba waliyokalia wageni. Alipitisha kidole kwenye jina. Akasema ni nzuri. "Lakini watu wameshaenda," akasema. "Wameenda nyumbani na ile ingine." Akanipa chai, nikainywa, na sikumbuki nilirudi vipi mjini.

Desemba Bosi alitimiza ahadi zake zote mbili. Mimi nilipata barua, Mzee akapumzishwa. Nami niliipokea barua ile. Nilifanya kazi kiwandani miaka mingine sita, mpaka kompyuta zikaja na Mabuti wakauzwa kwa kilo kwa watu wa vyuma kuukuu. Siku Mzee alipoondoka alikunja aproni yake, akafungua ufunguo kwenye mshipi, akaniwekea mkononi. Kisha akatoa ile K mfukoni. "Hii si ya kiwanda," akasema. "Mpera ulikuwa wangu, mkono wako. Kaa nayo." Hakutabasamu wala hakukunja uso. Nimekaa nayo. Imekaa kwenye kopo la vifungo, kwenye droo ya vijiko, imehama nyumba nne, na miaka yote hiyo nimejiuliza kama ile ilikuwa zawadi, au kama hakutaka tu ibaki droo moja na zile zingine. Sikumwuliza. Kila nilipomwona harusini nilisema leo, kisha nikasema mulembe.

Kwa hiyo pale kwa saiba nilimwambia Sheila aliandike ELAM LUKHALE kwa ile ya mawakili, na aache pengo la K. "Nikiacha pengo si watu watasema tumekosea?" Nikamwambia aache tu, nikampimia upana wake kwa ukucha wake mwenyewe. Nilibeba programu mia tatu nyumbani kwa boda boda, nikanunua wino wa mihuri, nikakaa mezani mchana kutwa. Nilibonyeza K mia tatu. Mkono wa mtu wa umri wangu hauna nguvu sawa kila mara, kwa hiyo nyingine zilitoka nzito, nyingine zimefifia, lakini zote zilichechemea vile vile. Ijumaa nilimpelekea Rasoa kule Bukura. Alifungua bunda, akatazama, akacheka na machozi yakimtoka, ndiyo mara ya kwanza nilimwona akilia. "Nilimwuliza, Baba, na kama dada Edita hana tena hicho kitu?" akasema. "Alinijibu nisikuulize. Alisema, ako nayo. Ile nilimpa mwenyewe, alisema, na nilijua ni yake. Siku ile alipolivunja jina alikuwa mtoto."

Tulimzika Jumamosi. Siku ya tatu, ya kunyoa, ilikuwa Jumanne, na leo ni Jumapili ya pili tangu hapo. K iko dirishani, imesimama. Kila asubuhi natoa kitambaa na mafuta ya taa ili niioshe niirudishe kwenye kopo la vifungo, na kila asubuhi miguu inaniuma, naketi, naitazama. Wino umeshakauka kwenye ule mguu wake mfupi. Sijaiosha.